Mwaka Mashine Iliposema Haijaona Vizuri

Tulipomzika Mzee Kibona kule Ikinga, mimi ndiye niliyeombwa kusoma wasifu wa marehemu. Familia walikuwa wameuandika vizuri: alizaliwa, akasoma, akaoa, akafungua ofisi ya uwakala wa forodha Tunduma, akawa mzee wa kanisa, akaugua, Bwana akamtwaa. Nilisoma kwa sauti, mwavuli umeshikwa na mpwa wake juu ya kichwa changu, na nilipofika mwisho nikabaki nimesimama kidogo kana kwamba kuna ukurasa mwingine. Haukuwapo. Sikuwalaumu. Wasifu una nafasi ndogo, na mvua ya Ileje haingoji mtu amalize sentensi. Lakini kuna mwaka mmoja ambao haukuwamo, na katika wote waliokuwa wamesimama kwenye tope pale makaburini, tulioujua tulikuwa watatu tu: mimi, Sichone na Atupele. Tuliporudi nyumbani kunawa mikono na kula, tulikaa pamoja nyuma ya turubai, sahani za wali mapajani, na Sichone akasema, “Hawakutaja hata Mgeni.” Tukacheka kicheko cha msibani, kile cha kuinamisha kichwa ili wafiwa wasikione.

Watu wakisimulia mwaka uliowafunza dunia, husimulia mwaka wa ujana wao. Mimi ujana wangu niliutumia kugonga mihuri. Mwaka ulionifunza ulinikuta nimeshavuka hamsini, nina wajukuu, nina kiti changu ofisini ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Kwa hiyo naomba nisamehewe nikiuita ujana. Nilijifunza kazi upya kama msichana wa wiki ya kwanza, nikaogopa kama msichana wa wiki ya kwanza, na nikafurahi kwa namna ambayo nilidhani imeshanipita.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri, kwenye barabara ile ile ambayo malori hupanga foleni kuelekea mpakani. Ngazi zilikuwa za chuma na zilipiga kelele, hivyo tulimjua mteja kwa miguu yake kabla hajabisha hodi. Chumba chetu kilikuwa na meza mbili, yangu na ya Sichone, zikitazamana. Nyuma yangu palikuwa na ukuta wa mbao laini uliotutenga na chumba cha Mzee Kibona, ukuta mwembamba kiasi kwamba akikohoa unamwambia pole. Upande wa dirisha vumbi la Tunduma liliingia hata dirisha likifungwa, na miezi ya baridi upepo uliingia nalo, tukafanya kazi tumejifunga vitenge kiunoni, Sichone naye akiwa amevaa koti la marehemu baba yake. Huko nyuma palikuwa na jiko dogo lenye meza ambayo zamani ilikuwa mlango. Shimo la kitasa bado lilikuwapo, na Sichone alikuwa akilitumia kuweka yai la kuchemsha lisibingirike. Pale ndipo tulipokula. Mama ntilie wa chini alituletea ugali na maharage, na siku ambazo wateja wa ng’ambo walikumbuka fadhila, kapenta, wale dagaa wa Zambia, waliokaangwa na nyanya mpaka wakalia mdomoni. Mzee Kibona hakula nasi. Alipelekewa chakula chake chumbani, mlango umefungwa, na sisi tulisema ni ukubwa.

Kazi yetu ilikuwa nyaraka. Mzigo unatoka bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo, na kila mzigo una karatasi zake: ankara ya muuzaji, orodha ya vilivyomo, hati ya meli, vibali. Sisi tulizichukua zote, tukaziandika upya kwenye mfumo wa forodha, herufi kwa herufi, na herufi moja ikipotea, lori linalala. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nasema hivyo bila haya kwa sababu kila mtu Tunduma alilijua hilo. Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba sikuwa ninaona. Macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu kama ule wa kwetu Ibaba asubuhi, kwanza moja, kisha la pili, na ukungu huo haukuinuka jua lilipotoka. Fomu nilizijua kwa moyo, nilijua kila sanduku liko wapi. Yaliyobaki nilimwomba Sichone anisomee, nikidai kwamba nikisikia naandika haraka zaidi. “Dada Tabi,” aliniambia siku moja, “wewe unapenda kusomewa kama bibi harusi anayesomewa zawadi.” Nikacheka naye. Usiku niliwaza nikigundulika nitafanyaje. Ningerudi Ibaba kulima viazi kwa kupapasa.

Basi mapema mwaka ule Mzee Kibona akatuita, akasimama mlangoni mwake, mikono nyuma. Akasema kuna ofisi moja kule Dar imeweka akili mnemba na sasa inamaliza kabla ya chai kazi ambayo sisi tunaimaliza jioni. Akasema na sisi tutaiweka. Binti mmoja anakuja kutufungia mitambo na kutufundisha. Hakusema zaidi, na sisi hatukuuliza, kwani katika ofisi ile kuuliza kulikuwa ni kosa. Ukimuuliza Mzee Kibona jambo mara ya pili, alikujibu, “Nilipokuwa nasema, masikio uliyaacha wapi?” Tulijizoeza kukisia. Tulikuwa wakisiaji bora mkoa mzima wa Songwe.

Binti alikuwa Atupele. Nilitegemea mtu wa mjini mwenye kucha ndefu. Akaja msichana wa Isansa, mweusi, mpole, amebeba kompyuta kwenye kikapu cha ukindu pamoja na ndizi alizopewa na mama yake. “Shikamoo mama,” akaniambia, akapiga goti kidogo ingawa mikono imejaa. Nikaitikia marahaba, na kabla ya jioni nilikuwa namchukia. Maana siku ile ile, kupitia ukuta wa mbao, nilisikia.

“Wawili ni wengi,” Mzee Kibona alikuwa akimwambia. “Huo mtambo ukikolea, mwisho wa mwaka abaki mmoja.”

“Abaki yupi, Mzee?”

“Mwenye kasi.”

“Kasi ya nini hasa?”

“Kasi ni kasi, binti. Funga mtambo.”

Sikumwambia Sichone. Baadaye niligundua na yeye alisikia, na yeye hakuniambia mimi. Tukawa tunatazamana kwenye meza zile mbili, tunataniana kama kawaida, kila mmoja akijua kwamba mmoja wetu anaondoka, na kila mmoja akidhani mwenzake hajui.

Mtambo wenyewe ulikuja, na naomba niseme ukweli wangu hata kama wengine hawataupenda. Nimesikia watu wengi, wasomi na wasio wasomi, wakisema vitu hivi vitatufanya wajinga na wavivu. Huenda. Mimi nasimulia nilichokiona. Atupele aliweka karatasi kwenye skana, lile rundo letu la asubuhi nzima, na kabla Sichone hajamaliza kupuliza chai yake, kila kitu kilikuwa kimeshajipanga kwenye mfumo: mtumaji, mpokeaji, uzito, idadi, bei. Ulisoma ankara iliyoandikwa Kichina. Ulisoma Kifaransa cha Lubumbashi. Kisha ukasoma mwandiko wa Sichone, mwandiko ambao hata mke wake alisema wakati wa uchumba alilazimika kumpelekea mchungaji barua ili amsomee. Nilishika kifua. Sichone akasema, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumempa jembe siku ya kwanza na amelima shamba lote.” Kuanzia hapo jina likawa Mgeni.

Lakini si kasi iliyonishinda. Kasi nilishaisikia ikisifiwa. Jambo lililonishinda lilitokea kwenye karatasi moja iliyokuwa imemwagikiwa chai njiani, mahali fulani kati ya Makambako na sisi. Mgeni alifika pale, akasimama. Atupele akasoma kwa sauti yaliyotokea kwenye kioo: “Sijaona vizuri sehemu hii. Naomba msaada.” Mzee Kibona alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikakunja mabega nikingoja mvua ya matusi. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, “Msomee, binti. Mwambie ni Nakonde, hapo ng’ambo. Mwenye mzigo alinipigia simu.” Atupele akaandika, Mgeni akashukuru, akaendelea. Hakuna aliyemkaripia. Hakuna aliyemuuliza macho aliyaacha wapi. Nilikaa na jambo lile siku nzima. Kiumbe chenye uwezo wote ule, kinachosoma Kichina, kimesema mbele ya watu kwamba hakijaona vizuri, na dunia haikuanguka. Mimi nilikuwa nimejificha miaka nikifikiri kusema maneno yale ni kufa.

Baadaye nilimuuliza Atupele kama ni yeye aliyeufundisha mtambo adabu ile. Akasema maneno ya Kiswahili ni yake, ila tabia ya kusimama inapokuwa na shaka ni kitu alichousisitizia sana. “Mama, kuna mitambo inayokisia,” aliniambia. “Ikiona doa inajaza chochote ili imalize haraka. Hiyo ina kasi kweli. Lakini lori linakuja kulala mpakani kwa sababu ya kukisia. Mimi nimeuambia huu wetu, ukiwa na shaka uliza, hata mara mia.” Nikamtazama yule mtoto, au tuseme nikautazama ukungu wenye umbo lake, na nikaacha kumchukia.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoiita ujana. Atupele alinionyesha kwamba Mgeni anaweza kusoma kwa sauti. Nilimwambia napenda tu kusikiliza, na hakuuliza zaidi. Nikapachika visikilizi masikioni, watu wakadhani nasikiliza kwaya, na sauti ya Mgeni ikanisomea kila kitu, bila kuchoka, bila kunitania. Nilikuwa nimesahau raha ya kazi. Kazi niliyoifanya miaka yote kwa kupapasa, kwa hofu na kwa ujanja, sasa niliifanya kwa utulivu, na muda ukabaki. Muda kubaki! Tulianza kula kwa kukaa. Sichone akawa na nafasi ya kuvuka ng’ambo kuzungumza na wateja, akarudi na habari za bei, za barabara, za mvua ya Mbala. Atupele alitukaangia kahawa ya kwao Isansa kwenye sufuria la ugali, ofisi nzima ikanuka vizuri mpaka mwenye duka la vipuri akawa anapanda ngazi akisingizia kutafuta chenji. Nilimwona msichana yule akifanya kazi na nilimpenda kama mtu anavyopenda fundi: alikuwa hakuonyeshi kwamba anajua, alikuonyesha kile anachokijua. Hata Mzee Kibona alibadilika kidogo. Alikuwa akiingia chumbani kwetu tukiwa tumekwenda kula, tukirudi tunamkuta amesimama mbele ya kompyuta kama mtu anayetazama mtoto mchanga wa jirani. Akituona alisema, “Naangalia kama mnaweka vumbi,” akatoka.

Ila mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja, na mmoja wetu alikuwa anaondoka. Nilijua kwamba nikivua visikilizi vile mimi si kitu. Kila mara mtu alipoingia nilivivua haraka, nikabonyeza jibu la swali la Mgeni kwa mazoea pale nilipojua kitufe kipo, nikiomba Mungu kiwe ndicho chenyewe. Karibu kila mara kilikuwa ndicho.

Sasa lazima nieleze jambo la majina, kwa maana bila hilo kisa hakipo. Kwa Wanamwanga, na kwa jirani zao Wamambwe, jina la ukoo hubadilika kwa mwanamume na mwanamke. Mwanamume anaanza na Si, mwanamke anaanza na Na. Kaka akiwa Sikazwe, dada yake wa tumbo moja ni Nakazwe. Watu wa mpakani tumezoea. Kwetu si ajabu. Sichone mwenyewe ni Mnamwanga, na dada zake wa kule Nakonde hawakuandikwa Sichone. Tulikuwa na wateja wawili wa ukoo mmoja, kaka na dada. Kaka alikuwa anaingiza mbolea. Dada, Bi Nakazwe, mama mnene mchangamfu ambaye ngazi zetu zilimwogopa, alikuwa ameagiza mashine ya kusaga nafaka. Kijijini kwao wanawake walikuwa wakitembea mbali kwenda kusaga, naye alikuwa ameshajenga kibanda, ameshavuta umeme, na wenzake wa kikundi walikuwa wanangoja. Mizigo ya wawili hao ilifika siku moja, anwani moja, majina yanafanana isipokuwa herufi mbili za mwanzo.

Asubuhi moja tukasikia ngazi. Zilikuwa zinalia kuliko kawaida. Bi Nakazwe akaingia bila hodi, karatasi mkononi, jasho linamtoka pamoja na baridi ile.

“Mwashibukeni, mukwai,” alisalimia kwa Kibemba, maana hata mwenye hasira husalimia. Halafu akaipiga meza yangu kwa ile karatasi. “Nani hapa amenifanya mwanaume?”

Tukatazamana.

“Naulizia tu. Nimezaa watoto watano mimi, hakuna aliyenisaidia. Leo nafika pale geti, kijana wa forodha ananiambia mzigo ni wa Sikazwe, wewe mama ni nani? Namwambia ni wangu. Ananiambia, leta kitambulisho. Naleta. Ananiambia, huyu ni Nakazwe, sio Sikazwe. Awe! Ine ndi mwanakashi, mukwai! Mimi ni mwanamke! Mashine yangu imekuwa ya kaka yangu, na kaka yangu nikimpa mashine hata ya kunyolea hairudi!”

Sichone alikuwa ameshaweka kichwa mezani, mabega yanatikisika. Nilimpiga teke. Atupele alikuwa tayari anatafuta kwenye kompyuta. Mzee Kibona akatoka chumbani kwake.

“Kuna nini?”

Atupele akamweleza. Mgeni alikuwa ameona seti mbili za nyaraka, akaona majina yanayokaribiana, akasimama na kuuliza kama alivyofundishwa. Swali bado lilikuwapo kwenye kumbukumbu, akalisoma kwa sauti: “Nakazwe na Sikazwe wana anwani moja. Je, ni mtu mmoja ambaye jina lake limekosewa? Ndiyo au Hapana.” Na mtu alikuwa amejibu Ndiyo. Basi Mgeni akafanya alichoambiwa, akalisahihisha jina kila lilipokuwa, kwa uangalifu mkubwa.

“Nani alijibu?” Mzee Kibona aliuliza.

Atupele akasema hawezi kujua, kwa sababu sote tuliingia kwa jina moja la ofisi. Alikuwa amependekeza kila mtu awe na lake, ikaonekana ni kupoteza muda.

“Sichone?”

“Mzee, mimi?” Sichone aliinua kichwa, hacheki tena. “Mimi hata nikiwa nimelala siwezi kukosea hilo. Mama yangu ni Na. Dada zangu ni Na.”

Ilikuwa kweli na kila mtu aliona kuwa ni kweli. Atupele hakuwa akijibu maswali ya nyaraka. Hiyo ilikuwa kazi yetu. Kwa hiyo macho yote yakaja kwangu. Siyo kwamba niliyaona, lakini macho ya watu huhisiwa usoni kama jua.

“Aliyebonyeza,” Mzee Kibona akasema, “sitamngoja mwisho wa mwaka. Ataondoka leo. Mteja wangu hawezi kugeuzwa mwanaume kwa uzembe wa mtu.”

Ningeweza kukataa. Hakuna ambaye angethibitisha. Lakini ukweli ni kwamba sikujua. Ingeweza kuwa ni mimi. Mara ngapi nilikuwa nimevua visikilizi mtu akiingia, nikabonyeza kwa mazoea? Nilijaribu kukumbuka jana yake na yote ilikuwa ukungu. Nikamwaza Bi Nakazwe na wale wanawake wanaongoja kibandani. Nikawaza viazi vya Ibaba. Halafu, sijui kwa nini, au najua, nilikumbuka karatasi ile ya chai, na jinsi mtambo ulivyosema maneno yale kwa utulivu, na kazi ikaendelea.

“Mzee,” nikasema, “sijui kama ni mimi. Huenda ni mimi. Sioni. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na nimeficha muda mrefu. Nafanya kazi kwa kusikia na kwa kukisia. Sijaona vizuri, Mzee. Naomba msaada.”

Nilisikia lori likipiga honi barabarani. Nilisikia Atupele akivuta pumzi. Bi Nakazwe akasema taratibu, “Awe, bamayo, jamani mama,” na mkono wake mzito ukanikalia begani. Nilikuwa nalia bila kujali. Sikuona aibu, nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

Mzee Kibona alikwenda dirishani, akasimama akitupa mgongo, akitazama barabara. Kisha akasema bila kugeuka, “Atupele. Hilo neno Ndiyo, liko upande gani kwenye kioo?”

“Kushoto, Mzee.”

“Basi ni mimi.”

Sichone akasema, “Mzee?”

“Mlikuwa mmekwenda kula. Nikaingia kumtazama Mgeni. Likatokea swali. Niliona maandishi yanatembea kama siafu. Nikaona aibu kumwita mtu, mkurugenzi mzima. Nikabonyeza la kushoto.”

“Kwa nini la kushoto, Mzee?” Atupele aliuliza. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza.

“La kulia lilikuwa mbali.”

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Bi Nakazwe. Alicheka mpaka ngazi za nje zikaitikia, mpaka akaketi kwenye kiti changu ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. “Ofisi ya kusoma karatasi!” akasema akijifuta machozi. “Macho manne ya wakubwa, na hakuna hata moja linaloona! Mukwai, mimi naenda kuwaambia kanisani.” Na Mzee Kibona, ambaye sikuwahi kumwona akichekewa na mtu akabaki salama, akageuka kutoka dirishani, na kwa sauti yake nikajua anatabasamu. Alituambia tulipokaa chini kwamba samaki aliacha kuwala kwa ajili ya miiba, kwamba alifunga mlango akila ili tusimwone akipapasa mchuzi, kwamba kila alipotukaripia kwa kuuliza ni kwa sababu hakuweza kusoma jibu. Niliusikiliza ukuta wa mbao nyuma yangu ukiwa kimya, nikafikiri ni mambo mangapi nilisikia kupitia pale na sikusikia hili.

Mashine ya kusaga ilivuka. Sichone aliandamana na Bi Nakazwe mpaka getini na karatasi mpya, akawaeleza vijana wa forodha habari za Si na Na. Atupele naye alikaa na Mgeni, akamwandikia desturi hiyo kwa maneno ya kawaida, kama unavyomweleza mkwe mgeni mambo ya ukoo. Hakutusuta, wala hakusema kwamba alishatushauri kila mtu aingie kwa jina lake. Alitengeneza tu majina manne, akayaongezea sauti mawili, langu na la Mzee, na herufi kubwa kama za bango la injili.

Tukaenda hospitali Mbeya kwa gari la Mzee Kibona, Sichone akiendesha, sisi wawili nyuma. Mimi nilikuwa naogopa kisu. Niliwahi kusikia kwamba ukifanyiwa macho unaweza kutoka kipofu kabisa. Mzee Kibona alikuwa amesikia hivyo hivyo, na ndicho kilichomfungia nyumbani. Tulipopita Mlowo, nikajikaza nikamuuliza. Nilikuwa nimeanza kuzoea kuuliza. “Mzee, lile la mwisho wa mwaka, abaki mmoja. Nililisikia.”

“Wewe peke yako?”

“Wote,” Sichone alisema kutoka mbele, na mimi nikamgeukia kwa mshangao.

“Nilitaka kupunguza watu wa kuniona,” Mzee Kibona alisema. “Hakuna anayeondoka. Kasi anayo Mgeni, anatutosha sote. Ninyi kaeni mumjibu maswali yake.”

“Na mimi macho yangu mazima,” Sichone akasema, “nisije nikafukuzwa kwa kuona.”

Walitufanyia jicho moja kila mmoja. Kesho yake asubuhi tulikaa kwenye benchi la korido pamoja na wazee wengine, kila mtu na kitambaa cheupe usoni, tunangoja nesi. Alianza na mimi. Akabandua plasta, akaniambia nifungue taratibu. Niliona kwanza ukuta, ulikuwa wa kijani, na nilishangaa kwamba kijani kiko vile. Niliona misumari kwenye benchi. Niliona vidole vyangu, kila mkunjo, nikavigeuza huku na huku kama mtoto. Nesi akamwendea Mzee Kibona. Alipombandua alikaa amefumba kwa muda, kisha akafumbua, akanigeukia, akanitazama. Na mimi nikamtazama. Mwanamume niliyekuwa nikimpa shikamoo kila siku alikuwa na nywele nyeusi na mashavu yamejaa. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mzee, mvi tupu, mashavu yameingia, na makovu mawili madogo kidevuni ya kunyoa bila kuona.

“Tabitha,” akasema, “umezeeka.”

“Na wewe, Mzee.”

Akacheka mpaka nesi akamkemea asije akatonesha jicho. Halafu akaacha kucheka, ila hakuacha kunitazama, na lile jicho jipya likajaa maji.

“Miaka yote hii ofisi moja,” akasema, “na tulikuwa hatujaonana.”